Jikoni na Wasomaji: Mafuta kwenye unga wa mkate, yatiwe kiasi gani na lini?

Assalaam alaykum wapenzi wa ukurasa huu. Toleo lililopita tuliongea hamira, basi tangu hapo maswali yamemiminika na karibu yote yanazunguka pale pale kwenye mafuta. Huyu anauliza samli au siagi, yule mafuta ya maji au ya nazi, mwengine kaambiwa na wifi yake mafuta yanaua hamira. Mie naona wengi tunaanza na kuulizana aina wakati aina ndo kitu cha mwisho. Kwanza kiasi, afu wakati wa kuyatia, ndo tena tuje kwenye aina. Samli safi ya ng'ombe ukiitia nyingi na mapema itakuharibia mkate, na mafuta ya kopo ya bei rahisi ukiyatia kidogo na kwa wakati wake yatakutolea mkate wa kutamanika. Barua nimezifupisha kidogo kwa ajili ya nafasi, msinune.

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mie nipo Wete, napika boflo nyumbani nauzia majirani asubuhi. Mkate ukitoka motoni mzuri tu, lakini kesho yake mgumu, mpaka uchovywe kwenye chai ndo uliwe. Jirani akanambia tia mafuta. Nikatia majarini kikombe kizima kwenye kilo moja ya unga, nikachanganya kila kitu kwa pamoja tangu mwanzo. Unga ukagoma kuumuka, mkate ukatoka mzito na ukikatwa unamomonyoka. Kosa liko kwenye hamira au mafuta? (Muuza boflo, Wete)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamira yako iwachilie, haina kosa. Kikombe kizima cha majarini ni kama gramu 225, kwenye kilo ya unga hio inapita asilimia 20. Mikate ya hesabu hizo ipo, lakini inapikwa kwa njia yake, na huko chini kuna kaka wa Nungwi kaiuliza. Boflo haitaki hivo.

Ngoja nikueleze kinachotokea maana ukikijua hutasumbuka tena. Unga wa ngano ukikutana na maji, protini zake zinashikana zinafanya gluteni, zile nyuzi zinazovutika ukikanda. Nyuzi hizo ndo zinazozuia gesi ya hamira isitoke, na mkate unapanda kwa sababu hio. Sasa mafuta mengi yakiufikia unga kabla ya maji, yanauvaa, na mikono iliyopakwa mafuta haishikani. Nyuzi zinabaki fupi fupi, gesi inatoka, mkate unakaa chini na unamomonyoka. Kwenye visheti na biskuti hilo ndo tunalolitaka, ndo maana samli tunaisugua na unga mkavu kwanza mpaka iingie, maji baadae. Boflo ni kinyume chake.

Kwa mkate wa kawaida tia asilimia 2 mpaka 5 ya uzito wa unga. Yaani kilo moja ya unga, gramu 20 mpaka 50 za mafuta basi. Kijiko cha kulia kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 14, kwa hio kama kijiko kimoja na nusu mpaka vitatu na nusu. Weye anza na viwili. Kwa kiasi hicho mafuta yanakuwa msaada, unga unavutika bila ya kukatika, mkate unapanda zaidi kuliko usiotiwa mafuta kabisa, ganda linakuwa laini na ndani kunakuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyolingana, kisu kikipita hakichani.

Wakati wa kuyatia sasa. Changanya unga, maji na hamira mpaka usione unga mkavu, funika uwache kama dakika 20. Hapo maji yanafanya kazi yake peke yake na nyuzi zinaanza kujifunga bila ya weye kutoa jasho. Afu tia chumvi, kanda kidogo, ndo tena utie mafuta na ukande mpaka yapotee yote. Mwanzo utaona unga unateleza bakulini na unachanika chanika, usikhofu na wala usiongeze unga mkavu, endelea tu, baada ya dakika chache utarudi kushikana na utakuwa laini zaidi kuliko mwanzo. Wengi wanaharibu hapa hapa, wanaona unateleza wanatupia unga konzi mbili, na mkate mgumu wanautengeneza wenyewe.

Na kuhusu ule ugumu wa kesho yake, watu wanadhani mkate unakauka maji tu. Kukauka kupo, lakini kikubwa ni wanga. Wanga wa unga ukipikwa unalainika, ukipoa unaanza kujipanga upya na kukakamaa, hata kama mkate umeufunga kwenye mfuko na maji yake yote yamo ndani. Mafuta yanapunguza kasi ya jambo hilo, hayalizuii kabisa. Ukitaka ushahidi angalia ile mikate mirefu ya Kifaransa. Ufaransa wana sheria ya mwaka 1993 kuhusu mkate wao wa asili, msingi wake ni unga, maji, chumvi na hamira au chachu, mafuta hamna. Mtamu sana ukitoka motoni, jioni yake tu ushakakamaa, na wenyewe wanakwenda kununua mwengine.

Jengine, mkate usiuweke kwenye friji! Naona watu wengi wanafanya hivi na wanaona ndo usafi. Baridi ya friji inauharakisha huo ukakamavu wa wanga kuliko hata ukiuwacha mezani. Unaotaka kuuhifadhi uweke kwenye friza, ugande kabisa, afu upashe moto. Wa kuuza kesho uwache upoe sawa sawa ndo uufunge, ukiufunga wa moto utatoa jasho na kwa unyevu wetu huu kuvu haichelewi.

Na angalia maji yako. Kilo ya unga inataka kama mililita 600 mpaka 650 kutegemea unga wenyewe. Wengi wanapika boflo kwa maji machache ili unga usiwagande mikononi, halafu wanatafuta dawa kwenye mafuta.

SWALI: Bi Mkubwa, wifi yangu kashikilia kuwa mafuta yanaua hamira. Ni kweli? (Wa Fuoni)

JIBU: Hayaui. Ila chembe za hamira kavu zikigusana na mafuta kabla ya kulowa, mafuta yanazivaa na zinachelewa kuamka. Iroweshe kwanza kwenye maji ya vuguvugu au ichanganye na unga na maji, mafuta yaje nyuma. Na unga wenye mafuta mengi unaumuka pole pole kweli, hilo wifi yako kaliona kwa macho yake, kwa hio usimbishie sana. Kinachoua hamira ni moto, maji au tui lililopita nyuzi joto 55 hivi.

SWALI: Bi Mkubwa, mie na mwenzangu tunataka kufungua bekari ndogo hapa Jang'ombe. Yeye anasema mafuta ya maji yanatosha, rahisi kupima na kuchanganya. Mie nasema ya kuganda ndo mazuri. Tumebishana mpaka tumechoka, tupatanishe. (Wabia wawili)

JIBU: Kaka, kwa mkate wa bati, ule wa kukatwa slaisi, weye ndo uko sawa. Mwenzako asivunjike moyo, zamu yake inakuja.

Mafuta yanayoganda yana chembe ndogo mno za mafuta magumu ambazo huzioni kwa macho. Ukikanda, chembe zile zinakwenda kukaa kwenye kuta za vipovu vya hewa ndani ya unga. Mkate ukiingia kwenye oveni zinayeyuka pole pole, na ule ukuta wa kipovu unapata kutanuka bila ya kupasuka. Kwa hio mkate unapanda zaidi na vitundu vyake vinakuwa vidogo. Mafuta ya maji hayana chembe hizo. Yatalainisha mkate, kuupandisha hayataweza kama yenzake.

Waingereza hili walilipitia kiwandani. Mwaka 1961 watafiti wao pale Chorleywood walitoa njia ya kutengeneza mkate kwa kuukanda kwa nguvu kwa dakika chache na mashine, bila ya kusubiri uumuke saa nyingi, na mikate mingi ya viwandani kule mpaka leo inapikwa hivo. Njia ile bila ya mafuta haiendi, na lazima yawe na sehemu ngumu ambayo bado haijayeyuka unga ukiwa kwenye joto la kuumulia. Kiasi chenyewe kidogo mno, hata asilimia 1 ya unga hakifiki, lakini kikikosekana mkate unakaa.

Sasa tuje kwetu, maana Chorleywood hakuna kaskazi. Miezi ya Disemba mpaka Machi jikoni kunapita nyuzi 30 kwa urahisi, na bekari yenye oveni ndani ndo usiseme. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, kwa hio hapa Unguja sehemu kubwa ya mwaka ni mafuta ya maji tu hata kama kopo limeandikwa vyengine. Siagi ya maziwa inamaliza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35. Na mashine ya kukandia nayo inaupasha unga moto kwa msuguano. Mtu anaweza akanunua mafuta ya kuganda kwa bei yake nzuri, yakageuka ya maji ndani ya mashine kabla hayajafanya kazi yoyote, afu akasema mbona sijaona tofauti.

Kwa hio fanyeni hivi. Chukueni mafuta magumu ya mboga yale ya bekari ambayo mezani hapa kwetu yanabaki yameganda. Maji ya kukandia yawe baridi, na kaskazi mutie barafu kabisa, unga ukitoka kwenye mashine uwe kama nyuzi 26 au 27. Nunueni kipimajoto cha jikoni kabla ya kununua bango la kutundika nje. Kiasi, anzeni na asilimia 3, polo la unga la kilo 50 linakula kilo moja na nusu ya mafuta, pigeni hesabu ya bei kwa hapo.

Mafuta ya maji yatumieni kwenye mikate ya bapa kama mkate wa ajemi, kwenye pitsa, na kwenye skonzi laini za watoto wa skuli. Hizo hazihitaji kupanda juu sana na mafuta ya maji yanazipa ulaini unaokaa. Mtapatana.

SWALI: Mkate wangu wa ufuta unanishinda. Natia tui zito, na ili uwe laini zaidi naongeza samli nusu kikombe kwenye nusu kilo ya unga, na chuma nakipaka mafuta usigande. Lakini mkate unakuwa mzito, na juzi nilipokifudikiza chuma juu ya mkaa mkate ukaniangukia motoni mbele ya wageni! Nifanyeje, futari zinakuja. (Wa Makunduchi)

JIBU: Pole shoga yangu, na nimecheka, utanisamehe.

Tui ni mafuta. Watu tunasahau kwa sababu linatoka kwenye mbuzi na kifumbu, halitoki kwenye chupa. Tui zito lina mafuta kiasi cha moja ya tano mpaka robo ya uzito wake, na ile kasimile uliyoikamua bila ya maji inapita hapo. Kikombe kimoja cha mililita 250 kinakuletea gramu 50 au 60 za mafuta, kwenye nusu kilo ya unga hio ni asilimia 10 mpaka 12. Ushafika. Ukiongeza na samli nusu kikombe, ambayo ni zaidi ya gramu 100, unga umezama. Samli ya mkate wa ufuta mahala pake ni juu, unapakwa ukishaiva, ukiwa wa moto, hapo harufu yake inabaki. Ukiitia ndani umeificha bure.

Fanya hivi, tui zito kikombe kimoja, tui la pili la kulegezea, unga nusu kilo, hamira, chumvi. Uwe laini wa kunata mkononi, haukandiki, unapigwa. Upige kwa mkono, uinue uuangushe bakulini, mpaka uone unavutika. Kwa vile mafuta tayari yamo ndani ya tui huwezi kuyachelewesha, kwa hio kazi yote iko kwenye huko kupiga, usione tabu, mkono ukichoka mwite kijana wa nyumbani naye apige. Anaetaka hasa anaupiga kwanza na tui la pili, ukishavutika ndo anatia lile zito kidogo kidogo, na huo unatoka mwepesi zaidi.

Na chuma usikipake mafuta hata tone. Mkate wa ufuta lazima ugande kwenye chuma, ndo kinachoushika ukikigeuza juu ya makaa. Chuma kipate moto, mkono uulowishe maji, utandaze, ukiiva chini kifudikize upate rangi juu. Na vile vikaango vipya visivyoganda chakula visitumike kabisa kwa kazi hii, unajua mwenyewe utakakoishia mkate.

SWALI: Bi Mkubwa, mie mpishi kwenye hoteli moja huku Nungwi. Wageni wanataka brioche asubuhi, ule mkate wa Kifaransa wa siagi na mayai. Nikifuata kipimo, siagi inavuja kwenye trei wakati unga unaumuka, na mkate unatoka kama umekaangwa chini. (Kijana wa jikoni)

JIBU: Huu sasa ndo mkate wa mafuta wenyewe. Siagi inafika nusu ya uzito wa unga na wengine wanapita hapo. Unga gramu 500, siagi gramu 250, mayai matano makubwa, sukari gramu 60, chumvi gramu 10, hamira kavu pakiti moja ya gramu 7 au zaidi kidogo, na maziwa kidogo kama unga unayaomba. Ukiangalia hesabu ile ya boflo utadhani huu hauwezi kupanda, na unapanda vizuri kabisa kwa sababu siagi inakuja mwisho, nyuzi zikishakomaa.

Kanda kila kitu isipokuwa siagi. Usikisie, jaribu, chukua kidonge kidogo ukivute kwa vidole taratibu mpaka kiwe chembamba cha kupitisha mwanga. Kikichanika mapema bado, endelea kukanda. Kikikubali ndo uanze kutia siagi, kipande kipande, cha pili kisiingie mpaka cha mwanzo kimepotea. Siagi iwe ya baridi lakini inayobonyea kidoleni, ikiwa ngumu kabisa inabaki mabonge na ikiwa imeyeyuka unga unageuka uji wa mafuta. Nungwi kwa joto la mchana na mashine inayopasha, mie ningeweka mayai, maziwa na hata unga wenyewe kwenye friji tangu usiku.

Ukimaliza usiusubirie mezani. Uwache uanze kuumuka kidogo, afu friji mpaka asubuhi. Siagi inaganda tena, unga unashikika, unaufinyanga ukiwa wa baridi bila ya kuongeza unga mkavu. Halafu kuvuja kwako kunatoka hapa: unauumulia pahala pa joto. Chumba kikifika nyuzi 32 siagi inayeyuka inashuka chini kwenye trei, na mkate unajikaanga wenyewe kama ulivyosema. Uumulie chini ya nyuzi 27, ikiwa hoteli ina chumba cha keki chenye kiyoyozi ombana nacho, la hamna basi fanya alfajiri. Utachukua muda mrefu, mafuta na sukari vyote vinaichelewesha hamira, usiusaidie kwa moto.

Na mayai ukiyapunguza ili kubana matumizi utaona mwenyewe. Kiini kina mafuta zaidi ya robo ya uzito wake, na kina lesithini, inayofanya mafuta na maji yakubaliane. Siagi yote ile inashikwa na unga kwa msaada wa mayai.

SWALI: Chapati, Bi Mkubwa. Mama mkwe anasema samli itiwe wakati wa kusukuma, shoga yangu anasema itiwe yote kwenye unga. Nimsikilize nani? (Mke mpya, Chake Chake)

JIBU: Mama mkwe, na sisemi kwa kumuogopa. Mafuta ndani ya unga yanalainisha, mafuta baina ya tabaka yanatenganisha, ni kazi mbili mbali mbali. Nusu kilo ya unga tia ndani vijiko viwili, kanda na maji ya vuguvugu, funika nusu saa au zaidi. Ukisukuma mara ya kwanza paka samli, zungusha, wacha ipumzike, sukuma tena. Ukitia yote ndani utapata chapati laini lakini hazichambuki. Na samli hapa inaishinda siagi, siagi ina maji kama asilimia 16 ambayo yanayaloweza yale matabaka yakashikana, samli ni karibu mafuta matupu. Shoga yako mpe pole.

SWALI: Maandazi yangu yanakunywa mafuta ya karai, nikatia siagi zaidi kwenye unga nikidhani yatashiba. Ndo yamezidi. (Wa Bububu)

JIBU: Hayashibi mwanangu, unga wenye mafuta na sukari nyingi ndo unaokunywa zaidi. Rudi kwenye vijiko viwili kwa nusu kilo, au tui peke yake. Na mafuta ya karai yawe nyuzi 170 mpaka 180, usijaze karai likapoa.

SWALI: Bi Mkubwa, mzee wetu daktari kamwambia apunguze mafuta. Jee tuache kutia mafuta kwenye mkate wa nyumbani? Na hizi siagi za kopo tunasikia mengi, mara zina mafuta mabaya, mara si halali. (Binti wa Mombasa, hii ya Unguja)

JIBU: Maneno ya daktari yafuateni kama alivyosema, mie nitakupa hesabu tu. Kilo ya unga ukiitia gramu 30 za mafuta utapata mkate wa kama kilo moja na nusu. Slaisi ya gramu 50 ina gramu 1 ya mafuta uliyoyatia. Sasa angalia kisu cha majarini kinachopita juu ya slaisi hio hio asubuhi, kinaweza kuwacha gramu 7 au 10. Mzee akila mkate wenye mafuta ndani bila ya kupakwa kitu juu kapunguza zaidi kuliko mkate mkavu uliopakwa mpaka pembeni, na mkate mkavu ndo hasa unaoomba kupakwa.

Ukitaka kubadilisha na aina, kwa mzee mie ningetia mafuta ya alizeti au ya zaituni vijiko viwili. Mafuta ya nazi ni matamu lakini zaidi ya asilimia 80 yake ni yale mafuta mazito yanayoganda ambayo madaktari wanataka yapunguzwe, usidanganywe na tangazo kwa vile tu nazi ni yetu.

Mafuta mabaya uliyoyasikia ni ya kugandishwa kiwandani nusu nusu, yanaleta aina ya mafuta inayoitwa transi, na hayo yanahusishwa na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaka nchi ziyatoe kwenye vyakula ifikapo 2023. Viwanda vingi vimeshabadilisha, vyengine bado, kwa hio soma karatasi ya kopo, ukiona imeandikwa mafuta yaliyogandishwa kwa sehemu, rudisha shelfu.

Halali sasa. Ulaya zamani mafuta ya bekari mengi yalikuwa ya nguruwe na hata leo yapo, kwa hio swali lako si la kuchekwa. Kwenye kopo tafuta neno linalosema ni ya mboga tupu, au alama ya halali. Kuna na kitu kinaandikwa E471, kinatiwa kwenye majarini na kwenye mikate ya kiwandani ili mkate ukae laini, hicho kinaweza kutengenezwa kutokana na mimea au mnyama, na namba peke yake haikwambii. Pasipo maelezo waulize wauzaji, na wasipojua nunua jengine, samli na mafuta ya alizeti hayana mashaka hayo.

SWALI: Mwanangu hawezi maziwa kabisa, mkate wake nitie nini? (Mama wa Kiembesamaki)

JIBU: Mafuta ya alizeti au tui. Majarini nyingi zina maziwa ndani, soma kopo. Samli usijaribu, inatoka kwenye maziwa hio na mabaki huwa yamo.

SWALI: Kipimo kinasema siagi gramu 100, mie n'na samli tu hapa Mkoani. Nitie 100 vile vile? (Mpishi wa jioni)

JIBU: Tia gramu 80 na kijiko kimoja cha maji, maana siagi yenyewe ina mafuta kama asilimia 80. Kama ile siagi ilikuwa ya chumvi ongeza na chumvi kidogo. Kwa boflo, skonzi na maandazi utaona mambo sawa, na harufu itakuwa nzuri zaidi. Kwa croissant usiibadilishe, kule siagi inakunjwa ndani ya unga ikiwa baridi na maji yake ndo yanayotoa mvuke wa kuinua yale matabaka, samli haina maji hayo na kwa joto la Mkoani itakutoka pembeni kabla hujamaliza kukunja mara ya pili.